Naomba ushauri: hukumu ya Waogiek wa Mau itatekelezwaje?

Habari zenu ndugu. Nauliza wanaoijua Katiba ya Kenya. Mwaka 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kule Arusha iliamua kwamba serikali ilikiuka haki za Waogiek, jamii ya asili ya wawindaji na warina asali wa Msitu wa Mau. Mwaka 2022 ikaamuru fidia ya shilingi milioni 157.85, na ardhi yao ipimwe wapewe hati. Mjomba wangu bado anatundika mizinga ya nyuki kwenye miti ya ukoo, ila hati hana.

Je, tukitumia Kifungu cha 63, kinachotaja ardhi ya mababu ya jamii za wawindaji, twende Mahakama Kuu au ile ya Mazingira na Ardhi? Na Kifungu cha 2(6) kuhusu mikataba ya kimataifa kinatosha kuidai hukumu hii nyumbani? Inaniuma sana wazee kufariki wakisubiri. Mwenye uzoefu anielekeze pa kuanzia.