Dodoma: baiskeli haijawahi kuanguka ila rangi imekwisha. Walinzi na mafundi, leo tuelewane!

Wakuu, habari za jioni. Kama huna baiskeli pita kimyakimya, huu uzi una hasira.

Naenda kazini kwa baiskeli, natokea Ilazo hadi mjini kati. Ni mtumba wa Japani, ya gia, fremu ya chuma, kijani iliyokolea. Nilipoichukua ilikuwa inang'aa. Njooni muitazame sasa: bomba la juu limechubuka huku na huku, uma wa mbele una mikwaruzo, bomba la chini lina kidonda hadi chuma kinaonekana. Sijaanguka nayo. Sijagongwa. Yote hayo imeyapata ikiwa imeegeshwa.

Tuanze na walinzi. Unafika getini, shikamoo mzee, marahaba, unatafuta pa kuegesha. "Kijana, hapo ni pa magari." Na kule? "Kule pikipiki za wafanyakazi." Mwisho unapelekwa nyuma ya jenereta, uegemeze kwenye ukuta wa lipu ile ya vinundu inayochuna hata kiwiko. Haya, naegemeza tairi na kishikio tu, fremu isiguse. Jioni nakuta imesogezwa, imelazwa ubavu mzima kwenye lipu, juu yake kuna Phoenix ya mtu, pedeli yake imezama katikati ya fremu yangu, na kijana wa bodaboda naye kaegesha kanyagio likiwa limegusa uma. Ukilalamika: "Si baiskeli tu hiyo?"

Baiskeli tu! Gari la mkubwa lingechubuliwa na toroli la takataka humo humo ndani, pangeitwa kikao.

Mafundi nao. Ukimpelekea breki tu, anaipindua kichwa chini miguu juu kwenye kokoto, siti na kengele vinasuguana na ardhi, spana anazipanga juu ya fremu. Nilimwambia atandike hata gunia, akanijibu, "Bosi, rangi haiendeshi baiskeli." Wenzake wakacheka, na mimi nikalipa.

Haiendeshi, sawa. Lakini fremu ya chuma inakingwa na hiyo rangi. Mkwaruzo ulioishia kwenye vanishi ya juu hauna neno, unapita nao kwa dawa ya kung'arishia na kitambaa laini. Pitisha ukucha: ukikwama, rangi yenyewe imekatwa. Ukiona chuma, kutu inaanza pale na kutambaa chini ya rangi iliyobaki, mpaka siku inavimba na kubanduka yenyewe. Dodoma kukavu, kwa hiyo kiangazi kinakudanganya, huoni kitu. Subiri Desemba mvua zikianza, tope linakaa kwenye zile chubuko.

Halafu vijana wa kuosha magari. Hapa naomba tuelewane vizuri kwa sababu hata wenye baiskeli wenyewe wanafanya hivi. Vumbi letu la kuanzia Juni, upepo ukichachamaa, lina chembe za mawe magumu ya hii milima inayotuzunguka. Mtu anachukua tambara kavu, lile lile alilofutia rimu za Fuso, anasugua fremu "ing'ae". Huo ni msasa, ndugu yangu! Mwaga maji kwanza, vumbi literemke lenyewe, ndipo ushike kitambaa laini na sabuni ya maji. Hata kama maji yamekatika mtaani, nusu ndoo inatosha baiskeli nzima. Na kama huna hata hiyo nusu ndoo, acha vumbi lilipo, halijakukosea kitu.

Msije mkasema nalalamika tu bila kujisaidia. Bomba linalopita chini ya cheni nimelizungushia tyubu kuukuu, maana kwenye rasta cheni inalichapa. Mnyororo wa kufuli nimeuvalisha tyubu vilevile. Pale shingoni, waya za breki na gia zinaposugua kila ukikata kona, nimebandika nailoni angavu ya kujinata, ile ya kujalidia madaftari. Hapo ndipo wengi hawaangalii: waya ni laini, ila vumbi likiingia katikati linakula rangi kidogokidogo.

Kidonda cha bomba la chini nimekiziba kwa rangi ya kucha kutoka Majengo. Muuzaji akauliza, "Hii ya shemeji?" Nikasema ndiyo, yaishe. Nilisugua kutu kwa msasa laini, nikafuta kwa spiriti, nikapaka tabaka jembamba, likakauka, nikarudia. Usiguse thina, inalamba na rangi nzima iliyo pembeni.

Sasa yote hayo yana maana gani ikiwa kesho narudi nyuma ya jenereta? Dodoma ni jiji tangu Aprili 2018. Majengo yanaota kila kona, magari yamechorewa mistari yake, bustani zina nyasi za kumwagiliwa. Baiskeli zimekosa hata vipande vya bomba la chuma vilivyokunjwa U vikachimbiwa chini, vikavishwa mpira! Mchomeleaji yeyote wa mtaani anaifanya hiyo kazi. Nimeandika barua kwa utawala wa pale kazini, nikaambiwa "tumelipokea".

Wa kuniambia ninunue pikipiki, uzi wa pikipiki upo, nenda kule.

NYONGEZA: Mkuu aliyeuliza kuhusu tyubu mvua zikianza, ndiyo, inashika maji na tope kwa ndani. Ifungue mara mojamoja, kausha, kisha rudisha. Na mwenye fundi mchomeleaji aliyewahi kutengeneza vyuma vya kuegeshea baiskeli hapa Dodoma aweke bei na picha. Tumeshakubaliana na wenzangu wenye baiskeli hapa kazini tuchange wenyewe, utawala wasipotaka watang'oa.