Riwaya ndefu inayopendwa, filamu ya saa mbili: tukate wapi?

Mpigambizi wa Kisauni aliuliza:

Assalaam aleikum ndugu zangu. Sisi ni vijana watano wa Kisauni, na kwa mwaka mzima sasa tumekuwa tukijaribu kuigeuza kuwa filamu riwaya ya mwenzetu mmoja, ambayo haijachapishwa lakini imesomwa na watu wengi mitaani kwa nakala za fotokopi, nyingine zikiwa zimeshaingia madoa ya chai na kulegea uti. Mswada una kurasa 640. Kisa chenyewe ni cha binti anayeteremka katika mji uliozama chini ya bahari ili amrejeshe nduguye aliyechukuliwa na majini. Lakini humo mna pia vita vya masultani wawili, nasaba ya vizazi vitano, na fundi mmoja wa majahazi ambaye kazi yake yote ni kukaa ufuoni akitia kalafati chombo kisichokwisha.

Skripti yetu ya kwanza ilifika kurasa 230, nasi tunaambiwa kwamba ukurasa mmoja ni takriban dakika moja, maana yake ni karibu saa nne. Tunataka saa mbili. Tumepunguza kila sura kidogo kidogo, kwa haki, na sasa kila kitu kimo na hakuna kilichokolea. Wasomaji nao wameshatuonya kwamba fundi akiondolewa wasituone kivukoni Likoni. Je, mtu huanza kukata wapi, na kwa kigezo gani?

Binti Mikindani alijibu:

Ndugu yangu, huko kupunguza kila sura kwa haki ndiko kulikowaponza. Filamu ya Dune ya mwaka 1984 ilijaribu kuishindilia riwaya nene ya Frank Herbert ndani ya dakika 137, na kwa kuwa wahusika wa kitabu hicho huwaza sana, wakafanywa wanong'one mawazo yao huku midomo imefumbwa, hata mtazamaji akawa anaelezwa mambo ambayo angepaswa kuyaona. Mwongozaji Denis Villeneuve alipoirudia aliigawa mara mbili, 2021 na 2024, na nyuso za waigizaji zikaachiwa kazi ambayo zamani ilifanywa na minong'ono.

Sasa mtazameni mwongozaji Peter Jackson. Riwaya ya Tolkien, The Lord of the Rings, ilitoka kwa majuzuu matatu 1954 na 1955, na filamu zake tatu za 2001 hadi 2003 zilichukua zaidi ya saa tisa katika kumbi za sinema. Hata kwa nafasi hiyo yote, alimwondoa kabisa Tom Bombadil, mzee wa msituni ambaye wasomaji wengi wanampenda. Nadhani alikuwa na haki. Pete ya uovu, ambayo kisa chote kinaizunguka, haimfanyi chochote mzee yule. Huivaa, huirusha juu kama gololi, akaicheka. Filamu ambayo saa yake ya kwanza yote inatushawishi kwamba pete hiyo inatisha haiwezi kumudu mtu kama huyo. Kitabuni, tena, miaka 17 inapita kati ya karamu ya Bilbo, aliyekuwa na pete hapo awali, na safari ya Frodo, aliyeirithi. Katika filamu huonekana kama muda mfupi tu, kwa maana hatari inayosubiri miaka 17 haimtoi mtu jasho ukumbini.

Jihadharini na mpangilio pia. Katika juzuu la pili Tolkien husimulia upande wa Aragorn, mpiganaji aliyetengana na Frodo, mpaka mwisho, ndipo aurudie upande wa Frodo. Filamu ilizisuka pande hizo pamoja kama ukili, na kila uchane ukivutwa mwingine husogea: buibui Shelob, aliye mwishoni mwa juzuu la pili, akahamishiwa filamu ya tatu, Frodo akabaki hana kizuizi kikubwa katika ya pili, basi Faramir, kapteni wa vita ambaye kitabuni anaikataa pete bila taabu, akafanywa aitamani na kumpeleka Frodo mateka hadi mji wa Osgiliath. Wasomaji walinung'unika, nami nilikuwa mmoja wao, ingawa sababu yake naielewa.

Kwa upande wenu, tukio lisilomsogeza binti karibu na nduguye wala kumweka mbali naye liondoke. Masultani wote wawili, kwaherini. Na fundi pia, samahani.

Mvuvi Likoni alijibu:

Kwa nini isiwe tamthilia ya vipindi kumi? Na mwandishi msimwache nje ya mlango. Michael Ende aliichukia mno filamu ya mwaka 1984 iliyotokana na kitabu chake The Neverending Story, ambayo ilichukua takriban nusu yake ya kwanza tu, hata akataka jina lake liondolewe.

Mzee wa Mji wa Kale alijibu:

Wanangu, mimi si mtu wa filamu, ila nililelewa na bibi aliyekuwa mtambaji. Hadithi moja aliweza kuigawa mikesha mitatu ya Ramadhani, na siku aliyochoka aliweza kuimaliza kabla kahawa haijapoa kikombeni. Mimi nilikuwa mtoto wa kutafuta makosa, kwa hiyo nilihesabu alichokuwa akikiruka. Alifuta wafalme, safari saba zikawa moja, mazimwi saba akawa mmoja. Wimbo hakuugusa. Binti aliyegeuzwa ndege alikuja juu ya mkwaju akaimba mara tatu, wala si mara mbili, kwa sababu hapo ndipo sisi tulipokuwa tukiitikia, na asiyeitikia alikuwa keshalala.

Wakusanyeni waliosoma hizo fotokopi, muwaambie wasimulie kisa bila ya karatasi mkononi. Watakachokitaja wote ndicho wimbo wenu. Na binti yangu wa Mikindani aniwie radhi: yule mzee wa msituni aliipunguza hatari ya pete, lakini huyu fundi sioni anapunguza nini. Huenda yeye ndiye anayetuonyesha kwamba huku juu siku zinakwenda.

Mpigambizi wa Kisauni alirudi:

Shikamoo Mzee. Jana jioni tuliwakusanya wasomaji tisa pale ufuoni Mama Ngina, tukawanunulia madafu na mihogo, tukafanya ulivyosema. Nasaba haikutajwa na hata mmoja. Masultani walitajwa na mtu mmoja, tena kwa kuwachanganya majina. Lakini saba kati ya tisa walisimulia jambo moja, nalo ni kwamba binti anapopotea chini ya bahari husikia nyundo ya fundi ikigonga mbali juu yake, akajua ufuo uko upande gani. Mwandishi mwenyewe alikuwa ameshasahau kwamba aliliandika.

Dada wa Mikindani, fundi amebaki na matukio matatu, karibu bila maneno. Vita vimefutwa, na skripti imeshuka hadi kurasa 131. Mwandishi hajatusemesha tangu jana kwa ajili ya nasaba yake, ingawa madafu alikunywa. Linalotusumbua sasa ni sauti ya nyundo ikisikika kutoka ndani ya maji. Tulitumbukiza simu iliyofungwa mfukoni mwa plastiki, tukapata mapovu matupu. Mwenye kujua namna ya kuirekodi, tafadhali atueleze.