Kiingereza kuanza darasa la kwanza: tunamsaidia mtoto au tunamchanganya?

Mzazi_Makini
Wakuu habari zenu. Mwanangu yupo darasa la kwanza shule ya serikali, na kwa huu mtaala mpya ulioanza kutumika 2024 Kiingereza anakutana nacho hapohapo la kwanza, sio la tatu kama ilivyokuwa. Juzi kanisomea daftari, neno limeandikwa "come" yeye akasoma ko-me, kwa sauti na kwa kujiamini. Na kwa alivyofundishwa kusoma Kiswahili yupo sahihi, unatamka unachokiona. Si bora amalize kwanza KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) kwa lugha yake, ashike kabisa, ndo aletewe hiyo nyingine? Naomba mawazo ya walimu hasa.

Jicho_la_Mbali
Tukingoja ashike kwanza atafika la tatu akili imeshakomaa, mtoto mdogo ndo anadaka lugha. Mbona wa inglishi midiamu wanaanza chekechea na wanasoma vizuri tu? Tatizo la Kayumba, hizi shule za serikali, sio umri wa mtoto, mwalimu mwenyewe Kiingereza hana, sasa atampa mtoto nini?

ChakiNyeupe
Mkuu hapo kwenye "mwalimu mwenyewe hana" naomba nikujibu maana mimi ndo huyo mwalimu, la kwanza, shule ya serikali. Chuo ngazi ya cheti nilifundishwa kwa Kiswahili, nikapangiwa shule inayofundisha kwa Kiswahili, leo naletewa semina ya siku chache na kitabu, naambiwa fundisha Kiingereza. Na mbele yangu kuna watoto zaidi ya 100 chumba kimoja, wengine awali hawajapita, penseli hajawahi kushika. Njoo usimame hapo vipindi viwili tu ndo urudi kuniambia sina.

Jicho_la_Mbali
Sijakutaja wewe mwalimu, mbona unajishuku? Nimeongelea mfumo.

ChakiNyeupe
Mfumo hauingii darasani saa mbili asubuhi, naingia mimi. Ukisema mwalimu hana umenisema.

Mama_Mapacha
Mnasifia inglishi midiamu, ngoja niwaambie ya kwangu. Wanangu walikuwa huko, nimewatoa. Mmoja alivalishwa kibao shingoni kisa kaongea Kiswahili na mwenzie wakati wa mapumziko, akakivaa mpaka amkute mwingine anaongea ndo amkabidhi. Mtoto wa miaka saba unamfundisha kumvizia mwenzie! Tokea hapo akawa haongei shuleni, si Kiingereza si Kiswahili, mwalimu wake ananiambia eti mtoto ana aibu. Hana aibu, anaogopa.

Kifutio77
Dada pole lakini hicho kibao tumekivaa wengi na leo Kiingereza tunakiongea. Bila kubanwa mtoto hawezi kuacha lugha ya nyumbani, utamlea kama yai mpaka lini?

Mama_Mapacha
Nani kakwambia nataka aache lugha ya nyumbani? Nilimpeleka aongeze, sikumpeleka apunguze. Na wewe kukivaa na kupona sio sababu ya kumvisha mwanangu.

Mkongwe_wa_Chumba_cha_Walimu
Kibao ni adhabu ya kizamani na aibu kwa shule yoyote ile, mtoto aliyeadhibiwa kwa kuongea anajifunza kunyamaza, hilo nimeliona kwa macho. Ila wote mmemwacha mwenye swali.

Na hili suala halijaanza leo. 1967 Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia msingi yote. Tume ya elimu ya Makwetta 1982 ikapendekeza na sekondari ihamie Kiswahili kuanzia 1985, serikali ikakataa. 1984 wakaja watafiti wawili, Criper na Dodd, wakaona wanafunzi wengi wa sekondari hawana Kiingereza cha kuwawezesha kusoma masomo yao, na bado lugha ikabaki ileile. Kila tukiona kidato cha kwanza hawaelewi tunashuka chini kutafuta dawa, mara la tatu, sasa la kwanza, kesho tutasema mimba. Ugonjwa upo pale kwenye daraja la msingi kwenda sekondari: mtoto miaka yote kasoma sayansi kwa Kiswahili, mtihani wa la saba kafanya kwa Kiswahili, mwaka unaofuata anakutana na Biology nzima kwa Kiingereza na mwalimu anaendelea kama hakuna kilichotokea.

Kifutio77
Mzee shikamoo. Lakini si ile sera ya Kikwete ilisema Kiswahili mpaka chuo kikuu? Iliishia wapi?

Mkongwe_wa_Chumba_cha_Walimu
Marahaba. Ile ni Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, ilizinduliwa Februari 2015. Watu wanaikumbuka nusu. Ilitaja lugha zote mbili zitumike kufundishia, haikukifukuza Kiingereza. Toleo la 2023 limerudi kulekule, msingi Kiswahili, sekondari Kiingereza.

PembaMoja
Sie Zanzibar tulishalionja hili. Sera ya 2006 ilisema hesabu na sayansi ziwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Darasani mwalimu anaandika ubaoni kwa Kiingereza, anaeleza kwa Kiswahili, mtoto ananakili asichokisikia. Mkiongeza Kiingereza chini ongezeni na mwalimu, la sivyo mnaongeza kunakili tu.

Jicho_la_Mbali
Haya ndo niliyosema mimi mwanzo nikatukanwa. Mwalimu!

ChakiNyeupe
Hujatukanwa. Na PembaMoja kasema ongezeni mwalimu, hajasema mwalimu hana, soma tena.

Sasa nimjibu mzazi maana naona anasubiri. Kusoma, yaani kujua kwamba hizi alama zina sauti na sauti zikiungana zinatoa neno, mtoto anajifunza mara moja tu maishani. Akishaipata kwa lugha yoyote anahama nayo. Kiswahili ndo njia rahisi ya kuipata: irabu tano, kila moja na sauti yake isiyobadilika, ba be bi bo bu, maneno mengi yanaishia na irabu. Mtoto anayehudhuria vizuri na mwenye kitabu anaweza kumaliza silabi la kwanza akasoma sentensi na kuelewa anachosoma. Kiingereza hakiendi hivyo, herufi e ipo kwenye bed ina sauti hii, kwenye me ina nyingine, kwenye make haina sauti kabisa. Ukimwekea yote mawili ubaoni wiki moja hajui sheria ipi anafuata, anaanza kukariri umbo la neno, na mtoto anayekariri utamgundua la nne, umeshachelewa.

Kwa hiyo mimi nafanya hivi: Kiingereza la kwanza ni cha masikio na mdomo. Nyimbo, salamu, amri, simama, kaa, fungua mlango, taja kitu hiki. Maandishi nayachelewesha mpaka silabi za Kiswahili zikae. Nikianza naanza na maneno yanayosomeka kama yalivyo, pen, bed, ten, na hata hapo watasema peni, bedi, teni, ni kawaida, ulimi umezoea irabu mwishoni, unarekebisha kwa kuimba sio kwa fimbo. Hiyo come ingengoja.

Kifutio77
Mwalimu nakubali hoja, ila watoto 100 wanaimba Kiingereza, utajuaje nani anatamka na nani anafungua mdomo tu?

ChakiNyeupe
Kwa 100 hujui, nasema kweli. Nawagawa makundi, walioshika herufi wanaandika, mimi nabaki na kundi dogo nawasikiliza mmojammoja wanasoma, kesho kundi lingine. Kuna mtoto inapita wiki sijamsikia sauti yake na hilo linaniuma kuliko hayo ya Kiingereza changu.

Mama_Mapacha
Mwalimu Mungu akutie nguvu. Wangu sasa yupo Kayumba, darasa limejaa hivyohivyo, lakini anaongea, anauliza, juzi kanisomea tangazo la maji mpaka mwisho.

Jicho_la_Mbali
Tangazo la Kiswahili lakini. Akifika kidato cha kwanza?

Mama_Mapacha
Akifika atakuwa anajua kusoma. Wewe wako anasoma nini, na anaelewa?

Jicho_la_Mbali
Wangu anasoma vitabu vya Kiingereza vizima, la pili yule.

Mkongwe_wa_Chumba_cha_Walimu
Kijana, leo jioni mpe ukurasa mmoja asome, halafu funga kitabu umwambie akuhadithie kwa lugha yoyote anayotaka. Utuletee jibu hapa.

Jicho_la_Mbali
Nitaleta. Ila hoja yangu ya walimu kupewa mafunzo ya maana sijaiondoa.

ChakiNyeupe
Usiiondoe. Ukiisema hivyo, mafunzo ya maana, hata mimi nasaini. Na uongeze vitabu vifike Januari, sio Juni.