Medicare: Ukifika 65 mlango unafungwa kimyakimya, halafu faini unailipa maisha yako yote

Wakuu, uzi huu ni wa mlioko Marekani mnaokaribia miaka 65, pamoja na wenye wazazi huko. Mtu amekatwa mshahara miaka thelathini kwa ajili ya Medicare, yaani bima ya afya ya serikali kwa wazee, halafu anaadhibiwa mpaka anakufa kwa sababu hakujaza fomu mwezi fulani. Hii ni dhuluma.

Chanzo cha balaa ni namba mbili. Pensheni kamili ya Social Security (mfuko wa pensheni wa serikali), kwa waliozaliwa 1960 na kuendelea, ni miaka 67. Medicare ni 65. Zamani zote zilikuwa 65, kisha sheria ya 1983 ikasogeza ya pensheni na kuiacha ya bima palepale. Kwa hiyo mzee anajipangia kustaafu na 67 na mambo ya bima ayamalize siku hiyohiyo. Kumbe keshachelewa. Anayeandikishwa bila kuomba ni yule ambaye tayari anapokea pensheni angalau miezi minne kabla ya kutimiza 65. Huyo kadi inamfuata kwa posta. Ambaye hajaanza kupokea anatakiwa aombe mwenyewe, na akinyamaza nao wananyamaza.

Dirisha la kujiandikisha ni miezi 7: mitatu kabla ya mwezi wa kuzaliwa, mwezi wenyewe, na mitatu baada yake. Sasa sikilizeni hili, maana linawagusa wengi wetu. Aliyezaliwa tarehe 1 anahesabiwa kana kwamba amezaliwa mwezi uliotangulia. Wakimbizi wangapi wana Januari 1 kwenye karatasi zao? Dirisha lao linafunguka Septemba na kufungwa mwisho wa Machi, na wanaostahili bima inaweza kuanza Desemba 1, wakiwa bado na miaka 64.

Ukipitwa, na huna bima ya kazini inayotokana na ajira yako au ya mwenzi wako ambaye bado yuko kazini, Sehemu B (madaktari na vipimo) inaongezwa asilimia 10 kwa kila miezi 12 kamili uliyochelewa. Chukua miezi 30: ni vipindi viwili kamili, yaani asilimia 20. Ada ya kawaida ya 2025 ilikuwa dola 185 kwa mwezi, hivyo unaongezewa dola 37 na kulipa 222. Ada ikipanda mwakani, faini nayo inapanda, maana inakokotolewa upya juu ya ada mpya. Na haina mwisho! Hata mkopo wa benki una siku ya kumalizika.

Tena kuna mtego wa COBRA. Mtu anaacha kazi, anaendelea kulipia bima ya mwajiri kwa mfuko wake miezi 18, anajiona salama. COBRA haihesabiki kama bima ya ajira. Una miezi 8 tu ya kuomba Sehemu B bila faini, tangu kazi au bima ya kazini iishe, chochote kinachotangulia. Ndani ya muda huo mpe mwajiri fomu CMS-L564 (ya kuthibitisha bima ya kazini) aijaze na kuisaini, uiambatanishe na CMS-40B, fomu ya kuomba Sehemu B. Iombeni kabla ya kuaga ofisini. Baadaye huyo wa rasilimali watu hatapokea simu zenu. Dawa, yaani Sehemu D, muda wake ni mfupi zaidi: ukikaa siku 63 mfululizo bila bima ya dawa inayokubalika, faini nyingine inaanza.

Walioajiriwa na kampuni yenye wafanyakazi chini ya 20 ndio wananiumiza roho. Kwao Medicare ndiyo inayolipa kwanza ukishatimiza 65, ya mwajiri inafuata. Kama hukuchukua Sehemu B, bima ya kazini inaweza kukataa kulipa ile sehemu ambayo Medicare ingelipa, na bili ya hospitali inakuangukia wewe. Na makato ya bima kazini wanaendelea kukukata kama kawaida.

Wenye HSA (akaunti ya akiba ya matibabu isiyotozwa kodi), acheni kuweka pesa miezi 6 kabla ya kuomba kama mnaomba baada ya 65, kwa sababu Sehemu A (ya hospitali) inarudishwa nyuma hadi miezi 6 na mamlaka ya kodi inazihesabu hizo pesa kuwa zimezidi.

Sehemu A ni bure kwa mwenye robo 40 za kazi, takribani miaka 10 ya kukatwa kodi. Mama aliyebaki nyumbani kulea anaweza kutumia robo za mumewe. Wengi hawaambiwi hilo. Asiye na robo hizo anaweza kununua akiwa na ukaazi wa kudumu na amekaa nchini miaka 5 mfululizo, ila 2025 asiyefikisha robo 30 alilipa dola 518 kwa mwezi kwa Sehemu A peke yake. Mzazi aliyeletwa juzi asidanganywe kwamba ataipata bure.

Na wanaopanga kurudi nyumbani kupumzika: Medicare hailipi hospitali ya Nairobi wala Dar. Lakini ukiiacha Sehemu B kwa sababu hiyo, kisha ukarudi Marekani kutibiwa, ile miaka ya nje inahesabiwa kuwa ya kuchelewa. Pigeni hesabu hiyo kabla ya kukata tiketi.

Wanaowapigia simu kila siku ni mawakala wanaolipwa kamisheni. Wasiouza chochote ni washauri wa SHIP, mpango wa ushauri wa Medicare, wapo kila jimbo, bure. Na mkienda ofisi ya Social Security, ombeni mkalimani wa Kiswahili. Ni bure pia, na msikubali kuambiwa mje na mtoto awatafsirie.