Mrejesho: brashi mpya ya kunyolea, harufu imekwisha

Wakuu, habari. Mnakumbuka nililalamikia brashi yangu mpya ya kunyolea, ya manyoya halisi ya yule mnyama wa ukoo wa nyegere: inanuka kama mbuzi aliyenyeshewa, inapukutika, na povu halikai. Asanteni sana mlionijibu.

Nilifuata ushauri wa kuiosha kwa shampuu na maji ya uvuguvugu, kisha kukoroga povu zito la sabuni ya kunyolea na kuiacha nalo usiku kucha ndipo niisuuze. Nimerudia mara kadhaa. Harufu sasa mpaka uipeleke puani ikiwa imelowa, na ncha zimelainika, hazichomi tena shingoni. Aliyesema niichemshe nilimpita, samahani mkuu. Maji ya moto sana hulegeza gundi inayoshika manyoya kwenye mpini.

Kupukutika kumepungua tu, bado nakuta nyoya mojamoja shavuni. Povu, kumbe shida ni maji: kisima chetu kina chumvi. Kwa maji ya mvua linasimama vizuri. Nikimaliza naikung'uta na kuianika penye hewa, siirudishi kwenye kopo lake ikiwa mbichi.