Gemu ya ngalawa: maoni nitafute itch.io, Play Store au mkononi?

Ngalawa_Dev: Wakuu, gemu ni ya ngalawa inayotoka Tanga mjini kwenda kisiwa cha Toten. Naitengeneza kwa Godot 4 (programu ya kuundia gemu), ni ya Android, hatua tatu ziko tayari. Nataka maoni kabla sijachora ya nne, na bajeti haizidi dola 30. Nianze na njia ipi: itch.io (tovuti ya kuweka gemu), Play Store, au kumpa mtu simu mkononi acheze nikimwangalia?

BintiRaskazone: Mkononi, bila kusita. Watu watano wasioijua gemu, dakika 15 kila mmoja. Mpe simu, mwambie "cheza", kisha nyamaza. Ukishamwelekeza tu tanga linavutwaje, jaribio limeharibika, maana atakayepakua nyumbani hatakuwa na wewe pembeni. Andika anapogusa kioo pasipo na kitufe na anapokaa ameduwaa. Usiulize "umeipenda?" Watu wetu wana haya, atakuambia nzuri sana. Uliza "hapa ulitegemea nini kitokee?" Halafu mtoe nje saa saba mchana: tanga jeupe juu ya bahari ya samawati hafifu halionekani juani.

FundiMsimbo: Naunga mkono, ila itch.io usiiache. Kuweka gemu ni bure. Tengeneza toleo la kivinjari: faili kuu liitwe index.html, si ngalawa.html, kisha lifunge kwenye zip. Tumia mfumo wa picha wa Compatibility. Kuanzia Godot 4.3 zima nyuzi (threads, yaani kazi zinazoendeshwa sambamba) wakati wa kusafirisha gemu kwenda kivinjari. Matoleo ya 4 yaliyotangulia yanadai SharedArrayBuffer (kumbukumbu ambayo nyuzi hizo hugawana), na usipoiwasha kwenye ukurasa wa itch gemu haifunguki. Kama umeandika kwa C# (lugha ya programu), njia hii imefungwa. Weka pia "Gusa kuanza", kwani kivinjari huzuia sauti hadi mtu aguse. Kasoro yake ni kwamba wengi watacheza kwa kompyuta, kwa hiyo habari za kidole gumba hutazipata huko.

Chumbageni_APK: Play Store iwe ya mwisho. Dola 25, unalipa mara moja. Akaunti binafsi iliyofunguliwa baada ya 13 Novemba 2023 inahitaji wajaribu 12 waliojiunga kwa siku 14 mfululizo kabla ya kuomba kuchapisha kwa wote. Andikisha 18, maana wengine ni waja leo waondoka leo. Na ukigawa APK (faili la kusakinisha gemu) kwa WhatsApp sasa, ipe jina la kifurushi tofauti (jina ambalo Android hutambulia programu), mwishoni ongeza .jaribio. Jina likiwa lilelile na saini ya kidijitali ya Play isifanane na yako, toleo jipya linakataa kukaa juu ya la zamani. Mtu anafuta, na hatua alizofikia zinapotea.

Ngalawa_Dev: Ahsanteni. Hatua ya pili upepo wa kaskazi unakuja usoni, lazima upige bisho, yaani uende kwa kukata huku na huku dhidi ya upepo. Mjaribu mmoja anasema upepo mkali, mwingine ngalawa nzito. Nimsikilize nani?

BintiRaskazone: Wote wawili, lakini usiguse namba bado. Chombo kinawagomea na hawaoni sababu. Hakuna kinachoonyesha upepo unatoka wapi, sivyo? Weka kibendera juu ya mlingoti, na tanga lipigepige chombo kikielekea upepo mno. Kisha tafuta watatu wapya. Hao wawili wameshajua kuna bisho, kwa hatua hiyo hawafai tena.