Nimefuta picha, hifadhidata imekubali, gridi bado inaionyesha!

Wakuu, wiki nzima imeniishia kwenye gridi ya picha 12 ya programu yangu ya Android. Nimechoka, acheni niseme.

Nabonyeza kufuta. Nikifungua hifadhidata nahesabu kwa macho yangu, zimebaki 11. Nikirudi kwenye skrini, picha ipo palepale. Ukiigusa, programu inajifunga, kwa sababu inatafuta kitu ambacho hakipo tena. Mpaka uizime na kuiwasha upya ndipo picha inapotoweka. Mtumiaji gani atavumilia hivyo?

Kila nilipouliza nilijibiwa neno moja: "Ita notifyDataSetChanged." Nimeita jamani, nimeita hadi mara mbili mfululizo! Mbona hamsemi kwamba haigusi hifadhidata hata kidogo? Inaiambia gridi ijichore upya kutoka kwenye orodha ambayo adapta (sehemu ya programu inayoilisha gridi picha) imeishika, basi. Mimi nilikuwa nasoma orodha mpya na kuiweka pembeni, huku adapta imeng'ang'ania ile ya zamani. Ningeita hata mara mia, ingechorwa ileile.

Mkaniambia nihamie RecyclerView (kionyeshi kingine cha orodha na gridi) na ListAdapter, adapta yake, eti huko mambo yanajiendesha. Nikahama, siku mbili zikaenda. Nikatoa picha moja kwenye orodha, nikaita submitList, amri ya kuikabidhi adapta orodha. Kimya. Si kosa, si onyo, si hata mstari mmoja kwenye logi! Kumbe ukiipa orodha ileile uliyoipa mwanzo, hata kama umebadilisha vilivyomo, inarudi bila kufanya lolote. Inataka orodha mpya kila mara. Na ukibadilisha jina la picha ndani ya kitu kilekile, DiffUtil, kilinganishi cha orodha ya zamani na mpya, inakilinganisha na chenyewe, inaona hakuna tofauti.

Huku kunyamaza ndiko kunakoniudhi kuliko yote. Programu ikianguka, angalau najua pa kuanzia. Ikinyamaza unashuku kila kitu. Nilifika mahali pa kuandika upya amri ya kufuta ya SQLite (hifadhidata yenyewe), nayo haikuwa na tatizo lolote tangu mwanzo.

Sasa nimeweka Room, maktaba ya Android inayosimamia SQLite, na hoja yangu ya kusoma picha inarudisha Flow, yaani mkondo unaotuma matokeo mapya kila data ikibadilika. Jedwali la picha likiguswa, orodha mpya inakuja yenyewe na picha inaondoka hapohapo. Hakuna hata mmoja wenu aliyelitaja hili siku ya kwanza!

Nawaomba, mtu akija na shida kama yangu, kabla ya kumwandikia hilo neno moja, muulizeni kwanza adapta yake imeshika orodha ipi.